Meli ya gesi ikichanika blanketi lake, wa kwanza kuumia ni chuma

Tuanzie ndani ya tenki la balasti, lile la kujazia maji ya bahari ili meli isimame sawa, kule ubavuni mwa meli ambako meli ikiwa na mzigo hakuna maji, ni giza tupu na harufu ya chumvi na rangi. Jamaa wa ukaguzi anapita na tochi anamulika ukuta wa chuma ambao upande wake wa pili ndo kuna gesi, ukuta wote uko kawaida, rangi yake ipo, una jasho kidogo tu, afu anafika sehemu anakuta doa jeupe la saizi ya sinia, limeganda kama ule ukungu mgumu wa ndani ya friza. Anagusa na glavu, baridi inapenya mpaka kwenye vidole. Anapiga picha, anaandika namba ya fremu, anatoka. Kuanzia hapo simu zinaanza kupigwa na watu wengi watalala wamechelewa.

Mtu ambaye hajui atauliza, sasa kidoa cha barafu kwenye meli ya karibu mita 300 kina shida gani? Ndo nataka kuelezea hapa, maana hii mada ya insulesheni, yani lile blanketi la kuzuia joto, kwenye meli za LNG watu wengi wanaichukulia kirahisi, wanadhani ni kama themosi, ikiharibika kilichomo kinapoa au kinapata joto basi, unapata hasara kidogo maisha yanaendelea. Themosi kweli, lakini hii themosi ikiharibika inaweza kukata meza iliyowekewa.

LNG ni gesi asilia, kwa sehemu kubwa methani, iliyopozwa mpaka kama nyuzi -162 ikawa maji, na ikishakuwa maji ujazo wake unapungua karibu mara 600, ndo maana inalipa kuisafirisha kwa meli. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba haibanwi kwa presha kama ule mtungi wa jikoni, imekaa karibu na presha ya kawaida ya hewa, inachemka muda wote polepole, na kinachoifanya ibaki maji ni ubaridi wake tu. Hakuna friji kubwa humo ndani inayoendelea kuipoza muda wote (meli nyingine mpya zina mtambo wa kuurudisha mvuke kuwa maji, lakini hiyo ni habari nyingine). Kuna blanketi tu. Blanketi likiwa zima, joto linaingia kidogo kidogo, kiasi fulani kinachemka na kuwa mvuke, mvuke unapelekwa kwenye injini unachomwa kama mafuta ya kuendeshea meli. Mpango mzuri kabisa, mzigo unajilipia nauli.

Sasa huo mvuke unahesabiwa kwa asilimia ya mzigo kwa siku. Meli za zamani zilikuwa na kama 0.15%, mpya zinashuka mpaka chini ya 0.1%, na meli ya saizi ya kawaida siku hizi inabeba mita za ujazo 174,000. Piga hesabu: kwa 0.085% ni kama mita za ujazo 148 za LNG kwa siku, kwa 0.15% ni 261. Kwa hiyo blanketi likichoka, tofauti unaiona kwenye pesa, mvuke ukizidi uwezo wa injini inabidi uchomwe bure kwenye kichomeo maalum, na mvuke wenyewe una mwendo wake, ukizidi presha ya tenki inapanda na presha ndo kitu ambacho tenki hizi hazikutengenezwa kukipenda. Lakini hili ndo tatizo dogo, nalitaja nipite.

Tatizo kubwa ni kwamba baridi nayo inatafuta njia ya kutoka. (Najua, wa fizikia mtasema baridi haitoki, ni joto linaingia. Sawa, ila chuma cha meli hakijui hiyo tofauti, chenyewe kinachojua ni kwamba kinanyang'anywa joto.) Chuma cha kujengea meli ni chuma cha kawaida, kigumu, kinapinda kabla ya kukatika, na hiyo tabia ya kupinda ndo inayotuokoa baharini kila siku. Ukikipoza kupita kiwango chake kinabadilika tabia, kinakuwa kama kioo, ufa ukianza haukupi muda wa kujiuliza, unakimbia. Januari 1943 meli ya mafuta ya Schenectady ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini, Portland kule Oregon, bahari imetulia, haina dhoruba yoyote, baridi ya majira yao tu na maungio ya weldi yasiyokuwa mazuri. Hiyo ni baridi ya kuvaa koti. Sisi tunaongelea -162.

Vyuma vya meli vina madaraja, daraja B linapimwa kwa kugongwa kwenye nyuzi 0, D kwenye -20, E kwenye -40. Ukishapita E kwenye familia hiyo ya vyuma vya kawaida huna pa kukimbilia, inabidi uende kwenye vyuma vyenye nikeli, chuma cha pua au aluminiamu, na hakuna anayejenga bodi nzima ya meli kwa vitu hivyo kwa sababu ya bei. Kwa hiyo mbunifu anafanya biashara moja: natumia chuma cha kawaida kwa bodi, afu naamini insulesheni itahakikisha baridi haikifikii. Ndo maana nasema insulesheni kwenye meli hizi ni sehemu ya mifupa ya meli. Ukitaka kuona wanavyoogopa, angalia meli ikiwa inapakia, pale mabomba yanapoungana ubavuni utaona maji ya bahari yanamwagwa mfululizo kushuka ubavu wa meli, pazia la maji, kazi yake ni kwamba LNG ikidondoka ianguke kwenye maji isikiguse chuma.

Na hata insulesheni ikiwa nzima kuna sehemu chuma kingeganda. Kati ya tenki na tenki kuna chumba chembamba, kofadamu, kina baridi pande zote mbili na hakina bahari ya kukipa joto, kwa hiyo wanapitisha mabomba ya maji ya moto yenye glaikoli kukipasha kisishuke chini ya nyuzi 5 hivi. Hita zile zikifa safarini, kuna mtu ana kazi usiku huo.

Sasa meli zenyewe ziko za aina mbili kubwa na zinaumia tofauti. Kuna zile zenye mipira juu ya deki, aina inayoitwa Moss, mpira wa aluminiamu umekaa kwenye sketi yake (ukuta wa duara unaoushikilia) ndani ya chumba, insulesheni imevaliwa nje ya mpira kama sweta, haigusani na bodi. Paneli moja ikibanduka, hewa kavu ya kile chumba bado inasaidia, na mpira ukivuja unavuja kidogo kidogo, matone yanaongozwa mpaka kwenye trei chini. Kuna muda wa kufikiri.

Afu kuna za membreni, yani ngozi nyembamba ya chuma, ambazo ndo nyingi siku hizi, na hapa ndo pana utamu. Tenki lenyewe ni karatasi tu. Mfumo wa Mark III wa kampuni ya GTT una chuma cha pua cha milimita 1.2 chenye mikunjo mikunjo ili kijikunje na kujikunjua baridi ikibadilika, na ule mwingine, NO96, una Invar ya milimita 0.7, ni aloi ya chuma na nikeli 36% ambayo haisinyai karibu kabisa. Milimita 0.7 hiyo imebeba tenki refu kuliko jengo la ghorofa saba! Haibebi kwa nguvu zake lakini, inabebwa na insulesheni iliyo nyuma yake, povu gumu la poliyurethani kwa Mark III au maboksi ya plaiwudi yaliyojazwa perlaiti au pamba ya kioo kwa NO96, na insulesheni nayo imeegemea chuma cha bodi. Kwa hiyo uzito wote wa mzigo unapita ndani ya blanketi. Blanketi likibonyea sehemu moja, membreni inabaki hewani pale, haina cha kuegemea, wimbi la ndani likija kupiga pale pale mikunjo inalala na weldi zinaanza kuteseka.

Na mawimbi ya ndani yapo kweli. LNG ikiwa nusu tenki inacheza, inakusanya mwendo, inapiga kona kama nyundo, ndo maana meli hizi hazitakiwi kusafiri na tenki lenye kina cha katikati, kanuni ya kawaida ni uwe chini ya 10% ya urefu wa tenki au juu ya 70% ya kimo chake. Vitu vingine vinavyoharibu ni vya kawaida mno kuliko hivyo: kifaa kimedondoshwa na fundi juu wakati wa matengenezo, gundi haikushika vizuri, meli imepozwa na kupashwa joto mara nyingi, bodi inajipinda na mawimbi miaka 20, au mtu kakosea valvu ya nitrojeni presha ikapanda nyuma ya membreni wakati tenki ni tupu na membreni ikavimba kuelekea ndani kama shuka kwenye upepo. Ile karatasi inajua kubeba mzigo kutoka upande mmoja tu.

Nimesema nitrojeni. Kati ya membreni ya kwanza, inayogusa mzigo, na ya pili ambayo ni kizuizi cha akiba nyuma yake, kuna nafasi, na kati ya ya pili na bodi kuna nafasi nyingine, zote zimejazwa nitrojeni kwa presha ndogo sana na zinanuswa mfululizo na mashine kama kuna methani. Membreni ya kwanza ikipata tundu, LNG inaingia kwenye blanketi, na kanuni za kimataifa za meli za gesi, zile za IGC zinazosimamiwa na IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, zinataka kizuizi cha pili kiweze kuushika uvujaji huo kwa siku 15, yani meli ipate muda wa kufika mahali na kushusha. Kwa kuwa ni nitrojeni na hakuna hewa, methani iliyovuja haiwezi kushika moto humo, inahitaji iwe kama 5 mpaka 15% kwenye hewa. Kwa hiyo kuvuja peke yake sio bomu. Balaa ni pale kizuizi cha pili nacho kina kasoro, hasa kile cha gundi ambacho kukipima inabidi uvute hewa uangalie presha inarudi kwa kasi gani, hapo LNG ya -162 inapata njia mpaka kwenye chuma, na ndo unaona lile doa jeupe.

Ila doa linaweza kutokea bila tone la LNG kuvuja, na hapa nataka tukae kidogo. Povu zima linapitisha joto kidogo sana, kama 0.02 hadi 0.03 kwa kipimo chao cha wati kwa mita kwa nyuzi. Maji ni 0.6. Barafu ni 2.2. Sasa tuseme ufa mdogo umetokea kwenye chuma cha bodi ya ndani, upande wa tenki la balasti, maji ya bahari yanaingia nyuma ya insulesheni taratibu. Yanalowesha, yanapanda kwenye maungio, yakifika sehemu yenye baridi yanaganda, na maji yakiganda yanavimba, yanasukuma paneli, yanaachanisha gundi, yanatengeneza nafasi ya maji mengine. Na barafu yenyewe sasa imekuwa daraja la joto linalopitisha karibu mara 80 au zaidi ya povu. Chuma kinazidi kupoa, ufa unazidi kupata sababu ya kukua, maji yanazidi kuingia. Hesabu ya haraka tu, kama 1% ya eneo la tenki inapitisha joto mara 20 ya kawaida, joto linaloingia kwenye tenki zima linaongezeka karibu 20%, na hiyo ni kwa 1% tu. Afu tenki likishashushwa mzigo, yale maji yaliyoko nyuma yana uzito, yanaisukuma membreni kutoka nyuma, na tushasema yenyewe haijui kubeba kutoka nyuma.

Kwa hiyo yule jamaa wa tochi akirudi na picha, swali la kwanza ni hili doa linatoka wapi. Mashine ya kunusa inasema nini, nitrojeni inatumika kuliko kawaida, sensa za joto kwenye bodi ya ndani zinasoma ngapi (ziko chache, doa linaweza kukaa katikati ya sensa mbili bila moja kujua), kamera ya joto inaonyesha doa linakua? Njia ya haraka ya kukiokoa chuma ni kukipa joto, na joto la bure lililopo ni bahari yenyewe, unajaza tenki la balasti upande ule maji yanakipasha. Inafanya kazi kweli. Lakini kama chuma kimeshapata ufa, umeyafungulia mlango maji yaingie kwenye insulesheni. Ukiacha kavu, chuma kinapoa. Ukisema basi tupunguze mzigo kwenye tenki lile lile, unaingia kwenye kile kina cha katikati kilichokatazwa. Mi sijui kazi nyingine ambayo ukijibu swali moja vizuri unafungua mengine mawili mabaya hivyo. Mara nyingi jibu linakuwa kulimaliza tenki lote, kulipasha joto, kuondoa gesi, kuingiza hewa, afu mafundi wanajenga jukwaa ndani kuanzia sakafuni mpaka juu, na meli inakaa bandarini wiki kadhaa bila kuingiza hata senti.

Hayo yote ni insulesheni kuharibika taratibu. Kuna kuharibika kwa ghafla, kwa moto, na hapa kuna mjadala wa wataalamu ambao mimi naona haujapewa uzito wake mitaani. Tuseme tenki moja limetobolewa, LNG imemwagika majini na kuwaka, dimbwi la moto pembeni mwa meli. Tenki la jirani ni zima, limefunikwa vizuri, lina valvu za usalama za kutoa mvuke presha ikifika kama 0.25 bar. Saizi ya valvu hizo inatoka wapi? Kanuni za IGC zina hesabu ya joto la moto linaloingia kwenye tenki, ndani yake kuna namba moja ya kuzidishia: tenki lililo wazi juu ya deki bila insulesheni linapewa 1, tenki la membreni linapewa 0.1. Soma tena. Valvu imetengenezwa ikiamini kwamba blanketi litakula sehemu tisa kati ya kumi za moto. Blanketi likiungua au kuyeyuka, valvu ni ile ile, tundu lake lile lile.

Jerry Havens, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa kemikali University of Arkansas, ni mmoja wa waliopiga kelele kuhusu hili, hasa kwa mipira iliyovalishwa povu la plastiki liitwalo polistirini, kwa sababu polistirini inaanza kulegea kwenye nyuzi 100 tu hivi, na kile kifuniko cha chuma juu ya mpira kikipigwa na moto mkubwa kinapata joto kupita hapo mapema sana. Povu likishayeyuka nyuma ya kifuniko kinachobaki ni nafasi tupu, na aluminiamu nayo inapoteza nguvu mapema kuliko chuma. Upande wa pili kuna Sandia National Laboratories ya Marekani, waliochoma LNG juu ya maji kwa majaribio makubwa, na ripoti iliyopelekwa bungeni kwao 2012 ikasema matenki kadhaa kumwaga kwa wakati mmoja ni jambo lisilotarajiwa kabisa, ila moja kufuatia jingine inaweza kutokea. Na humo humo wakasema kitu kinachorudi kwenye hoja yangu: LNG ikiingia ndani ya bodi, baridi inakipasua chuma kiasi kwamba meli inaweza kushindwa kwenda na hata kuwa kwenye hatari ya kuzama. Yani watu wote wanaangalia moto, meli inavunjwa na baridi.

Kwa haki niseme pia mifumo hii ina uvumilivu wa kushangaza. Mwaka 1979 El Paso Paul Kayser ikiwa imejaa ilipanda mwamba karibu na Gibraltar kwa mwendo wa safari, chini ikachanika vibaya, bodi ya ndani ikabonyezwa na membreni ya Invar ikabonyea nayo, na LNG haikumwagika, mzigo ukahamishiwa meli nyingine. Sasa linganisha na meli tatu zilizojengwa Louisiana, Avondale, kipindi hicho hicho kwa ajili ya kampuni hiyo hiyo ya El Paso: hazikugonga kitu. Kwenye majaribio, zilipopozwa, povu la insulesheni likapasuka, likaonekana halitengenezeki kwa gharama yenye akili, na bima wakalipa. Korea nako kuna SK Serenity na SK Spica, zilikabidhiwa 2018 na mfumo mpya wa membreni wa kwao uitwao KC-1, madoa ya barafu yakatokea kwenye bodi ya ndani, zikaegeshwa, na mjenzi, mwenye meli na waliobuni mfumo wakaishia kushtakiana miaka.

Zile tatu za Avondale hazikuwahi kubeba hata safari moja ya gesi. Bodi zake zilikuwa nzima kabisa, kwa hiyo baadaye baadhi yake zikageuzwa kuwa meli za shehena ya kichele, kazi ambayo haihitaji blanketi.